Kurasa 38, karatasi 21: kisa cha zabuni iliyochapwa mbele na nyuma

Zabuni ilikuwa na kurasa 38 zenye maandishi. Ilipochapwa mara ya kwanza, kabla haijafika kwetu, ilitoka karatasi 21 mbele na nyuma, na ndani yake ukurasa namba 1 ulikuwemo mara tano. Kurasa tatu zilikuwa nyeupe pe, hazina namba wala jina la kampuni. Jedwali la bei lilichukua kurasa tatu za mlalo. Ukikilaza kitabu ubavu uliweza kusoma ya kwanza na ya tatu, lakini ya pili ilikuwa kichwa chini miguu juu. Halafu spairo ya kufungia kitabu ilipopitishwa, matundu yake yalitoboa jina la kampuni kwenye kila ukurasa wa mlalo.

Mwenye zabuni ni mama mmoja wa Likoni. Ana kampuni ndogo ya ukarabati wa majengo, imesajiliwa chini ya AGPO, ule mpango wa serikali unaotenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kazi aliyoiomba ilikuwa ya kupaka rangi na kutengeneza paa la jengo la umma, na sanduku la zabuni lilikuwa linafungwa kesho yake saa nne asubuhi. Alifika kwenye duka letu la uchapaji, karibu na Marikiti hapa Mombasa, baada ya magharibi, flashi mkononi na kile kitabu kilichoharibika kwapani.

"Mwanangu, hebu nitazamie hiki. Aliyekichapa kaniambia nyeupe hizi si neno, hazihesabiwi. Yuwasema kweli huyo?"

"Zahesabiwa, mama. Hapo ndipo penye kazi."

"Na hili jedwali? Kasema printa zote ndivyo zilivyo."

"Printa hufanya inavyoambiwa. Nipe hiyo flashi, wewe kaa upumzike."

Suala la kurasa nyeupe si la urembo. Sheria ya Kenya ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inataka mwenye zabuni atie namba za mfululizo kwenye kurasa zote anazowasilisha, na inaitaka kamati inayofungua zabuni iandike idadi ya kurasa ilizopokea kwa kila mwombaji. Sasa chukua kile kitabu umpe karani ahesabu. Akihesabu zenye maandishi atapata 38. Akihesabu pamoja na nyeupe zilizoingia katikati atapata 41. Akifunua ukurasa wa mwisho asome namba iliyochapwa pale chini, atakuta 11. Mtu anayetafuta sababu ya kukuweka kando umeshampa tatu.

Nilipokipitia kitabu na faili sambamba niliona makosa manne: kurasa nyeupe, namba zinazoanza upya, jedwali lililopinduka, na pambizo zisizoacha nafasi ya spairo. Kati ya hayo manne, printa ilihusika na moja tu, lile la jedwali kupinduka, na hata hilo lingezuilika. Mengine matatu yalikuwa ndani ya faili tangu mwanzo, na printa yoyote mjini ingeyatoa vilevile.

Faili ilitengenezwa na binti ya dadake mama huyo, msichana aliyemaliza chuo karibuni. Hakuwa na kiolezo cha zabuni, basi alichukua faili ya tasnifu yake, akafuta maandishi, akajaza ya zabuni. Usimcheke. Tasnifu ile ilipangwa vizuri kuliko nyaraka nyingi zinazopita mezani kwangu. Tatizo ni kwamba tasnifu na zabuni zinataka vitu tofauti, na vitu hivyo havionekani kwenye skrini.

Katika Word, programu iliyoandikiwa faili ile, mwelekeo wa ukurasa hauwekwi kwenye ukurasa. Unawekwa kwenye sehemu, pamoja na pambizo, ukubwa wa karatasi, mtindo wa namba, kijajuu (maandishi yanayojirudia juu ya kila ukurasa) na kijachini (yale ya chini). Ukitaka ukurasa mmoja ulale katikati ya waraka uliosimama, unatia kitenganisho cha sehemu kabla yake na kingine baada yake, kisha unaulaza ule wa katikati peke yake. Vitenganisho hivyo ni vya aina nne. Kimoja huendelea palepale ulipo. Kingine huanza ukurasa unaofuata. Cha tatu huruka mpaka ukurasa unaofuata wenye namba shufwa, na cha nne huruka mpaka wenye namba witiri. Kwenye menyu utakiona hicho cha mwisho kimeandikwa Odd Page. (Kile cha palepale hakifai kwa kazi hii: ukurasa mmoja hauwezi kusimama na kulala kwa wakati mmoja, kwa hiyo Word huanza ukurasa mpya utake usitake.)

Binti alikuwa ametumia cha witiri kila mahali. Kwenye tasnifu kina maana yake: unapochapa pande mbili, ukurasa witiri ndio uso wa mbele wa karatasi, ule wa mkono wa kulia kitabu kikiwa wazi, na sura mpya hupendeza ikianzia hapo. Sura iliyotangulia ikiishia kwenye witiri, Word huacha nyuma ya karatasi ile tupu ili sura inayofuata ishike uso wa mbele. Ukurasa huo mtupu hautauona ukiwa unaandika. Utauona kwenye PDF au karatasi ikishatoka. Nao hauandikwi chochote, hata ungekuwa na kijachini chenye namba katika kila sehemu ya waraka.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Sehemu ya kwanza, barua na fomu ya zabuni, kurasa 9. Ya pili, jedwali la kazi na bei ambalo wajenzi wote hapa wanaliita BQ, kurasa 3 za mlalo. Ya tatu, maelezo ya kampuni na kazi zilizopita, kurasa 14. Ya nne, ratiba ya kazi, ukurasa 1 wa mlalo. Ya tano, viambatisho, kurasa 11. Kila sehemu ilianza kwa witiri na kila sehemu ilianza upya na namba 1. Baada ya 9 ukaja mweupe, baada ya BQ ukaja mweupe, baada ya ratiba ukaja mweupe. Hapo ndipo zilipotoka zile tatu.

Watu wengi wakifika hapa hubadilisha aina ya kitenganisho wakadhani wamemaliza. Hawajamaliza. Word haikubali kurasa mbili za witiri zifuatane kwenye uchapaji. Ukiacha BQ ianze na 1 baada ya ukurasa 9, itatia mweupe katikati hata kama kitenganisho chako ni cha kawaida. Ukigeuza upande wa pili wa shilingi, uunganishe namba lakini uache vitenganisho vya witiri, utapata zabuni inayoishia namba 41 huku namba 10, 14 na 30 hazionekani popote. Hiyo mbele ya kamati ni mbaya zaidi, maana inaonyesha kana kwamba kuna kurasa zilizochomolewa.

Usiku wa jana yake binti alishtukia kwamba vitenganisho ndivyo vinavyoleta nyeupe, akajaribu kufuta kile kilicho kati ya barua na BQ. Barua yote ikalala, pamoja na fomu ya zabuni. Akarudisha haraka, akaogopa kugusa tena. Ni jambo linalowatisha wengi na maelezo yake ni mafupi: mipangilio ya sehemu imehifadhiwa kwenye kitenganisho kinachoifunga, kile cha mwisho wake. Ukikifuta, maandishi ya juu yake yanakosa mwenyewe na yanachukua sura ya sehemu inayofuata. Barua ilikuwa wima kwa sababu ya kitenganisho kile. Kilipoondoka ikawa ya sehemu ya BQ, na BQ ni mlalo. Sehemu ya mwisho ya waraka haina kitenganisho cha kuifunga, yake imehifadhiwa kwenye alama ya aya ya mwisho kabisa, ndiyo maana kunakili aya hiyo kuipeleka kwenye faili nyingine huleta vioja.

Basi sikufuta hata kimoja. Niliwasha alama zilizofichika kwa Ctrl, Shift na 8, nikaweka kwenye mstari wa chini wa Word ile namba ya sehemu ili nijue niko wapi. Kisha nikaingia sehemu ya pili, nikafungua dirisha la mipangilio ya ukurasa, na palipoandikwa Section start nikabadilisha Odd page ikawa New page. Palepale nikaenda kwenye mpangilio wa namba nikachagua ziendelee kutoka sehemu iliyopita. Nikarudia kwa ya tatu, ya nne na ya tano. Namba zikawa 1 hadi 9, BQ 10 hadi 12, maelezo 13 hadi 26, ratiba 27, viambatisho 28 hadi 38. Karatasi 19, hakuna uso uliobaki tupu.

Makosa mawili yalikuwa yamekwisha kwa kazi ya muda mfupi. Lakini hapo BQ ikawa imehama: sasa inaanzia ukurasa 10, yaani nyuma ya karatasi ya tano, na hiyo inabadilisha kila kitu kuhusu mgongo, yaani ukingo unaofungwa spairo.

Nimewahi kubishana na mafundi wenzangu kuhusu hili na sitachoka. Kwenye waraka wa pande mbili hakuna karatasi ya mlalo. Karatasi zote za A4, milimita 210 kwa 297, zinaingia kwenye printa kwa namna moja na zinafungwa spairo kwenye ukingo mmoja, ule mrefu wa kushoto. Kinacholala ni maandishi. Kwa hiyo swali la kwanza si kama ukurasa ni wima au mlalo, ni kichwa cha jedwali kinatazama wapi ukikishika kitabu kikiwa kimesimama.

Jibu ambalo wachapaji vitabu wamelizoea ni kwamba kichwa cha jedwali kinakaa kushoto kwa msomaji, kwenye kurasa za mbele na za nyuma bila ubaguzi. Msomaji anakizungusha kitabu mara moja, kwa mwelekeo wa mishale ya saa, na hazungushi tena mpaka majedwali yaishe. Ukikishika hivyo, mgongo unakuwa mlalo katikati na kurasa zinafunuka kwenda juu kama kalenda ya ukutani: ukurasa 10 uko juu ya spairo, ukurasa 11 uko chini yake, na safu za bei zinashuka kutoka mmoja kwenda mwingine kwa utaratibu. Ukifunua, 12 unapanda juu ukiwa umesimama sawasawa.

Kwenye kitabu kilichoharibika, ukurasa wa pili wa BQ ulikuwa nyuma ya wa kwanza, na kichwa chake kilikuwa kwenye mgongo kama mwenzake wa mbele. Hivyo ndivyo inavyokuwa karatasi ya mlalo ikipinduliwa kama ukurasa wa kitabu cha mlalo, kwa ukingo mfupi. Peke yake ingesomeka vizuri. Ndani ya kitabu cha wima inasimama kwa kichwa.

Aliyechapa aliapa kwamba alichagua ukingo mrefu, na mimi namwamini. Word inapopeleka kazi yenye mielekeo miwili, kila sehemu inaambia printa mwelekeo wake, na kiendeshi cha printa, ile programu ya kompyuta inayoiongoza printa, ndicho kinachoamua kuyageuza maandishi kwa upande upi. Windows yenyewe inaacha uamuzi huo kwa kiendeshi, ambacho kinaweza kutangaza nyuzi 90 au nyuzi 270. Juu ya hapo, viendeshi havikubaliani ukingo mrefu ni wa nini. Kimoja kinaelewa ni ukingo mrefu wa karatasi. Kingine, kikifika kwenye ukurasa uliolala, kinauhesabu ukingo mrefu kwa jinsi ukurasa ule unavyoonekana, na kwa hiyo kinapindua vingine. Unaweza kubahatisha mipangilio usiku kucha, ukapata jibu kwa printa moja, na kesho printa nyingine ikakukanusha.

Dawa yangu ni kuinyima printa nafasi ya kuamua. Nafika huko, lakini kwanza pambizo, kwa sababu ukishageuza PDF hurudi nyuma.

Kwenye kurasa za wima kazi ni rahisi: pambizo za kioo, ya ndani sentimita 3 na ya nje 2. Word inazibadilisha yenyewe, ya ndani ikawa kushoto kwenye witiri na kulia kwenye shufwa. Watu wanaziwasha hizo kwa waraka mzima na kuamini zimeshughulikia na zile za mlalo. Sivyo. Kwenye ukurasa wa mlalo, ndani na nje bado ni kushoto na kulia kwa jedwali, na zikishageuzwa kwenye karatasi zinakuwa chini na juu ya kitabu, mahali ambapo hakuna spairo. Mgongo unagusa kichwa cha jedwali au mguu wake. Kwa BQ yetu: ukurasa 11 ni witiri, mgongo uko kushoto, basi kichwa ndicho kinachotobolewa. Kurasa 10 na 12 ni shufwa, mgongo uko kulia, basi mguu ndio unaotobolewa, na mguu wa ukurasa 12 ndiko kulikoandikwa jumla kuu ya zabuni.

Jumla kuu. Ingetoboka hiyo, hata mimi ningelia naye.

Ungeweza kuvunja BQ iwe sehemu tatu, kila ukurasa na pambizo zake. Sipendi. Bei moja ikiongezwa mstari, jedwali linasukuma, na sehemu zako tatu zinakuwa nne zenye kurasa nusu tupu. Nilichofanya ni kuipa sehemu ile sentimita 3 juu na sentimita 3 chini, zote mbili. Ukurasa wa mlalo una urefu wa sentimita 21, ukitoa 6 zinabaki 15 za jedwali. Nilipunguza nafasi ndani ya safu kidogo, na kurasa zikabaki tatu. Matundu ya spairo yanakula karibu sentimita moja, kwa hiyo panabaki nafasi ya kidole kati ya tundu na tarakimu, na hiyo inatosha.

Namba ya ukurasa ndiyo iliyonichukua muda. Kwenye kurasa za wima ilikuwa chini katikati. Ukiiacha chini katikati kwenye ukurasa wa mlalo, karatasi ikigeuzwa namba inahamia ubavuni kulia, na kwenye kurasa 10 na 12 hapo ndipo penye spairo. Tena inalala, karani anayepitia namba kwa kidole hataiona. Namba ya ukurasa lazima iwe mahali pamoja katika kitabu kizima.

Ujanja ni wa zamani. Unatia kisanduku cha maandishi ndani ya kijajuu cha sehemu ya mlalo, unaweka namba humo, unageuza maandishi yake nyuzi 90 kwa mwelekeo wa saa, kisha unakivuta kisanduku mpaka ukingo wa kushoto wa ukurasa, katikati. Kwenye skrini kinaonekana kama kosa. Ukurasa ukigeuzwa, kushoto kwa jedwali kunakuwa chini ya karatasi na namba inasimama sawa na wenzake. Jina la kampuni nililipeleka ukingo wa kulia kwa njia hiyohiyo, likawa juu ya karatasi.

Mtego uko kwenye kuunganishwa kwa vijajuu. Word huunganisha kijajuu cha kila sehemu na cha iliyotangulia. Kitufe chake kimeandikwa Link to Previous. Ukikata kiungo cha sehemu ya pili tu, ukatia kisanduku chako, ya tatu ambayo bado imeshikamana na ya pili itakipokea, na utaona namba zimekaa ubavuni kwenye maelezo ya kampuni. Kata kwanza viungo vya sehemu inayofuata, ndipo urudi kuhariri ya mlalo. Nilianza na ya tano, nikaja ya nne, ya tatu, na ya pili mwisho. Na kijachini kina kiungo chake, si kile cha kijajuu; lazima ukate vyote viwili.

Sasa PDF. Nilihifadhi waraka kama PDF, kurasa 38 kamili, kisha nikazigeuza kurasa 10 hadi 12 na 27 nyuzi 90 kinyume cha saa, zikawa wima kama nyingine, vichwa vya majedwali kushoto. Kuzungusha ukurasa kwenye Adobe Reader hakusaidii, kwa sababu kunageuza unachokiona tu na hakuhifadhiwi. Mimi hutumia qpdf, programu ya bure isiyo na madirisha, kwa amri ya mstari mmoja:

qpdf --rotate=-90:10-12,27 zabuni.pdf tayari.pdf

Asiyependa kuandika amri ana PDFsam Basic, nayo ya bure, ina sehemu ya kugeuza kurasa unazotaja. Baada ya hapo faili haina ukurasa wa mlalo hata mmoja. Kiendeshi kinaona A4 38 zilizosimama, unakiambia pande mbili kwa ukingo mrefu na ukubwa halisi, na hakina la kuamua.

Kabla ya kuchapa zote nilichapa kurasa 9 hadi 12 na 27 hadi 28, karatasi tatu. Hizo zilikuwa na kila aina ya hatari: wima mbele na mlalo nyuma, mlalo pande zote mbili, mlalo mbele na wima nyuma. Ukifanya jaribio kama hili, anza na namba witiri. Ukiagiza 10 hadi 12 peke yake, ukurasa 10 utachapwa mbele badala ya nyuma, utaona mgongo uko kusiko, na utaanza kurekebisha kitu kisichokuwa na kosa.

Karatasi ya 9 na 10 ilikwama kidogo ikirudi kwa upande wa pili. Hilo si la faili, ni la hewa ya mji huu. Rimu iliyofunguliwa ikakaa wazi siku mbili tatu inanyonya unyevu, inajikunja ikipita kwenye moto wa kwanza, na ikirudi kwa upande wa pili haiingii sawa. Wakati wa masika ni balaa. Nikafungua rimu mpya, zikapita.

Mama alizishika zile tatu, nikamwonyesha mahali spairo itakapopita kwa penseli. Akakizungusha kitabu cha karatasi tatu, akafunua.

"Mbona mwanzo hakuniambia haya?"

"Labda na yeye hajaambiwa, mama. Hizi kazi hufunzwi, wazikuta."

"Na ningechapa upande mmoja tu?"

Swali zuri, na jibu langu huwaudhi wenye printa za gharama: upande mmoja ungemwondolea karibu kila tabu. Kichwa cha kila jedwali kingekaa kwenye mgongo, pambizo ingekuwa moja, na nyuma nyeupe zisingemhangaisha mtu. Lakini maelekezo ya zabuni hii yalitaka pande mbili, asili na nakala, na maelekezo ya zabuni hayabishaniwi.

Tulichapa asili na nakala, karatasi 19 kila moja, nikazihesabu mbele yake kwa namba za chini kabla ya kutoboa. Akaondoka kuwahi feri.

Wiki iliyofuata binti ya dadake alikuja mwenyewe, akitaka kiolezo cha zabuni zijazo. Nilimtengenezea chenye sehemu tatu tu badala ya tano. Ratiba ya kazi, kwa kuwa ni ukurasa mmoja na haibadiliki usiku wa mwisho, inabandikwa kama picha iliyogeuzwa kinyume cha saa ndani ya ukurasa wa wima wa kawaida. Haihitaji kitenganisho, wala kisanduku cha namba, wala qpdf. Vyeti vilivyoskaniwa vikiwa vya mlalo vinafuata njia hiyohiyo. BQ ndiyo iliyobaki na sehemu yake, maana bei hubadilishwa mpaka dakika ya mwisho na picha haijumlishi.

Aliuliza pia kama arudi airekebishe tasnifu, kwa vile bado ana nakala ya kupeleka maktaba. Nikaifungua nikaipitia. Sura zinaanza upande wa kulia, vitenganisho vyake vya witiri viko mahali pake, na pale haina mlalo hata mmoja. Nikamwambia aiache ilivyo.